Mwongozo kamili: jinsi mashirika ya masista yanavyoweza kuungana kuwalinda wasichana wa kazi

Vikundi vya pamoja vya masista huzinduliwa vizuri sana. Tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, kanisa linajaa, fulana zimechapishwa, Baba Askofu anabariki, picha zinapigwa. Ulizia kikundi hichohicho wakati wa Pentekoste, utajibiwa: "Sista aliyekuwa anashughulikia amehamishwa."

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wanaokwama hapo, na ni wengi. Mfano ninaoutumia ni mmoja tu: mashirika kadhaa ya jimbo moja la Tanzania yanataka kuzuia wasichana wasichukuliwe vijijini kwa ahadi za uongo na kwenda kutumikishwa mijini au ng'ambo. Kama tatizo lenu ni wajane wanaonyang'anywa mashamba, hatua nyingi zitawafaa vilevile. Wasomaji wa Kenya mtatumia sheria yenu ya mwaka 2010 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, lakini mpangilio wa kazi haubadiliki.

Historia naiacha. Itoshe kujua kwamba mtandao wa kimataifa wa masista wa kupambana na biashara hii, Talitha Kum, upo tangu 2009 chini ya umoja wa wakuu wa mashirika ya masista wenye makao Roma (UISG). Kwa hiyo hamuanzi kutoka sifuri.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya mkutano wa kwanza

- Mashirika yasiyopungua matatu. Mawili yakigombana hakuna wa kusuluhisha.
- Masista wawili kutoka kila shirika: mhusika na mbadala wake.
- Barua ya Mama Mkuu wa kila shirika, yenye sahihi na mhuri. Ahadi ya mdomo isihesabiwe.
- Ridhaa ya Baba Askofu kwa maandishi.
- Simu moja ya kikundi, laini yake ikiwa imesajiliwa kwa jina la taasisi. Ikisajiliwa kwa kitambulisho cha sista, siku atakapohamishwa Songea namba itaondoka naye.
- Daftari lenye jalada gumu na kabati linalofungwa kwa ufunguo.
- Nakala ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 na ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.
- Namba za simu za afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, za Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto.
- Akiba ya nauli na chakula ya kutosha matukio matatu.

Fulana hazimo. Mkitaka, chapisheni mwaka wa pili.

## Hatua ya 1: Chagueni tatizo moja na kuliandika kwa sentensi moja

Kosa la kwanza ni kuandika "haki, amani na utunzaji wa mazingira" kwenye karatasi ya kwanza. Hayo yote ni mema, ila hakuna sista anayeamka Jumatatu akajua aanzie wapi.

Kila shirika lilete kile ambacho nyumba zake zinakiona. Masista wa zahanati wanajua ni wasichana wa umri gani wanarudi kutoka mjini wakiwa wajawazito. Walimu wanajua waliotoweka baada ya mtihani wa darasa la saba. Wanaoendesha hosteli mjini wanajua wanaobisha hodi usiku na mfuko wa rambo mkononi. Wekeni taarifa hizo mezani bila majina, mtafute panapokutana.

Kisha andikeni sentensi yenye nani, wapi na nini. Kwa mfano: "Tunazuia wasichana walio chini ya miaka 18 wa parokia hizi tano wasichukuliwe kwenda kazi za ndani bila mzazi kujua mwajiri ni nani, na tunawasaidia waliokwisha kudhurika."

Mtajuaje mmefaulu? Mwulizeni sista wa jikoni ambaye hakuhudhuria mkutano kikundi kinafanya nini. Akijibu kwa pumzi moja, endeleeni. Akisema "mambo ya haki za binadamu," rudini mezani.

## Hatua ya 2: Pateni barua za wakuu, na barua ziseme muda

Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sista hana muda wake mwenyewe wa kugawa. Ana zahanati, ana darasa, ana zamu ya sakristia, na ana mama wa nyumba, yaani mkuu wa konventi yake, anayepanga siku yake. Akijiunga na kikundi kwa sababu tu ana moyo, na pengine kwa sababu yeye na sista wa shirika jingine walisoma pamoja, kazi ya kikundi inafanyika kwenye masalio ya siku. Mwezi wa tatu masalio yameisha. Urafiki ni mzuri kwa kuanzisha. Kinachokiweka kikundi hai ni saa zilizotengwa kwa maandishi na mwenye mamlaka ya kuzitenga.

Sheria ya Kanisa iko upande wenu. Kanuni ya 680 inataka ushirikiano kati ya mashirika na kati yao na mapadre wa jimbo uhimizwe. Mwendeeni Mama Mkuu mkiwa na kanuni hiyo mkononi, kwa heshima, bila kumhubiria.

Barua iwe na mambo haya:

1. Majina ya masista wawili, na nani ni mbadala wa nani.
2. Siku au saa zilizotengwa kila wiki. "Atashiriki inapowezekana" maana yake hatashiriki.
3. Muda wa utume huu, miaka mitatu ikiwezekana.
4. Nauli na simu vinalipwa na nani.
5. Kitakachofanyika uhamisho ukija.
6. Sista anawajibika kwa nani katika mambo ya kikundi, na yapi yanabaki kwa mkuu wa nyumba.

Mfano wa maneno: "Shirika linawatoa Sista ___ na Sista ___ kwa kazi ya kikundi cha pamoja cha jimbo kwa muda wa miaka mitatu. Kila mmoja ametengewa siku ya Alhamisi, na mkuu wa nyumba yake hatampangia kazi nyingine siku hiyo. Ikilazimu kumhamisha mmoja wao, shirika litatoa taarifa miezi mitatu kabla na kumteua wa kushika nafasi yake, ambaye atafanya kazi pamoja naye kwa mwezi mmoja kabla hajaondoka."

Mtaambiwa, "Sisi ni watawa, tunaaminiana." Jibuni kwa upole kwamba barua hailindi dhidi ya kutoaminiana. Inalinda dhidi ya kusahau, maana mkutano mkuu ujao unaweza kuchagua Mama Mkuu mwingine ambaye hakuwepo siku ya ahadi.

Onyo. Msianze kazi na wasichana hata siku moja kabla barua hazijafika. Mkimpokea mmoja leo na kesho sista wenu akaitwa kurudi nyumba mama, mtamwacha msichana njiani kwa mara ya pili.

Dalili ya kufaulu: mhusika akiumwa, mbadala anakwenda kwenye kikao bila kuomba ruhusa upya.

## Hatua ya 3: Ridhaa ya Baba Askofu

Hatua hii ni fupi, ila msiiruke. Kanuni ya 678 inawaweka watawa chini ya askofu katika kazi za utume, hata kama shirika lenu ni la haki ya Kipapa, yaani liko moja kwa moja chini ya Roma. Na kama Baba Askofu atawakabidhi kazi hii rasmi, kanuni ya 681 inadai makubaliano ya maandishi kati yake na mkuu wa shirika. Yaombeni. Makubaliano hayo yatawafaa siku paroko mmoja atakaposema hamna ruhusa ya kuongea na waamini wake.

Ombeni kikundi kiwe chini ya ofisi ambayo tayari ipo, ama Haki na Amani ama Caritas (ofisi ya huduma na misaada) ya jimbo. Kukimbilia kusajili asasi mpya ni mtego: mtapata katiba, bodi, ripoti za kila mwaka na ugomvi wa nani awe mwenyekiti, kabla hamjamsaidia mtu yeyote. Jimbo lina wadhamini waliosajiliwa, na hao wanatosha kwa sasa.

Umoja wa masista wa nchi, TCAS kwa Tanzania na AOSK kwa Kenya, upewe taarifa mapema. Mafunzo na majina ya wenzenu wa majimbo mengine mtayapata kupitia huko.

## Hatua ya 4: Anzeni na jiko lenu

Wengi hawapendi hatua hii, na naelewa kwa nini.

Kabla hamjasimama kanisani kuwaambia waajiri jinsi ya kuishi na dada wa kazi, ingieni jikoni kwenu. Nani anachota maji? Nani anapika ugali wa wageni wa mkutano mkuu? Kama ni binti "anayetusaidia tu" au "anayejaribu wito," ana miaka mingapi, analala wapi, analipwa nini, na ana karatasi gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi, mshahara, saa. Serikali hutangaza kima cha chini kwa wafanyakazi wa majumbani pia, na mchango wa NSSF unamhusu mtunza bustani wa masista kama unavyomhusu karani wa benki. Sheria ya Mtoto inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Kila shirika lijikague lenyewe, likamilishe marekebisho, kisha, kwenye kikao cha kikundi, mama wa nyumba awaambie wenzake ni nini kilichobadilika. Msikaguane. Shirika kukagua shirika jingine ni njia fupi ya kurudi nyumbani kila mtu kivyake.

Kwa nini mapema hivi? Kwa sababu swali litakuja, na litaulizwa hadharani na mwajiri aliyekasirika. Siku hiyo jibu lenu liwe kwenye faili.

## Hatua ya 5: Gawaneni kazi kwa kufuata barabara

Vikundi vingi hugawa kazi kwa usawa: kila shirika parokia mbili, kila sista semina moja. Usawa wa namna hii unapoteza kitu kikubwa mlicho nacho.

Msichana husafirishwa kwa njia inayojulikana. Kuna kijiji anakotoka, stendi anapopandishwa, mji anapopokelewa, nyumba anapofanyishwa kazi. Afisa wa halmashauri anaona kipande kimoja cha njia hiyo. Masista wana nyumba pande zote mbili. Shirika lenye mizizi Ruvuma, kama Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, au lenye mizizi Kilimanjaro, kama Masista wa Mama Yetu wa Kilimanjaro, linaingia kwenye nyumba za vijiji vyake kwa namna ambayo hakuna mradi unaoweza kuinunua. Shirika jingine lina hosteli au shule ya ushonaji mjini. La tatu lina wauguzi.

Chukueni karatasi kubwa, mchore barabara. Tuseme inatoka Iringa, inapita Msamvu pale Morogoro, inaishia stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam. Wekeni alama kila penye nyumba ya masista wa shirika lolote, hata kama halimo kwenye kikundi. Kisha gawaneni hivi:

- Wa kijijini wanashughulika na wazazi, shule za msingi na watendaji wa vijiji. Wao ndio wanaojua nani karudi na nani hajarudi.
- Wa njiani wanazoeana na mawakala wa mabasi, mama lishe na polisi wa stendi. Mama lishe anaona yote. Mheshimuni, nunueni chai kwake, mwachieni namba ya simu.
- Wa mjini wanashughulika na waajiri, ustawi wa jamii wa manispaa na sehemu salama ya kulala.
- Wauguzi wanabaki wauguzi. Wapeni orodha ya dalili za kuangalia, msiwaongezee semina.

Ratiba ifuate kalenda ya madalali wanaowachukua wasichana. Kipindi kigumu ni kuanzia mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba hadi Januari, na hasa baada ya Noeli, pale shangazi wa mjini anapomaliza likizo na kusema, "Nipeni huyu mtoto nikamsomeshe." Kikundi kinachofanya semina Mei na kupumzika Desemba kimekwenda kinyume na mvua.

Dalili ya kufaulu: sista wa kijijini anampigia sista wa mjini ambaye si wa shirika lake, na simu inapokelewa.

## Hatua ya 6: Jifunzeni kutofautisha

Si kila dada wa kazi amesafirishwa kiharamu. Wako waliokwenda kwa hiari, wanalipwa, wanasomesha wadogo zao kwa mshahara huo. Mkiwaita wote watumwa mtawaudhi wao wenyewe kabla hamjawaudhi waajiri.

Sheria ya 2008 inaangalia mambo matatu: kitendo (kumchukua, kumsafirisha, kumpokea), njia (udanganyifu, vitisho, kutumia shida yake) na lengo (kumnyonya). Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, si lazima kuthibitisha udanganyifu. Kumchukua kwa lengo la kumnyonya kunatosha, na kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi.

Maswali yanayosaidia:

- Nani alilipa nauli, na je, inakatwa kwenye mshahara?
- Mshahara anapewa nani? Akisema "analipwa dalali" au "mama ananiwekea," ulizeni zaidi.
- Simu yake iko wapi? Kitambulisho au pasipoti iko kwa nani?
- Anaweza kwenda Misa Jumapili bila kusindikizwa?
- Alichoahidiwa na anachofanya ni kitu kimoja?

Kwa wanaoahidiwa kazi Oman au Saudia, ongezeni mawili: wakala amesajiliwa na mamlaka ya ajira, na mkataba uko kwa lugha anayoisoma? Kule mfanyakazi wa ndani mara nyingi hufungwa kwa mdhamini wake, yaani mwajiri aliyemwita, na kuondoka bila ridhaa ya mdhamini huyo kunaweza kuleta matatizo ya kisheria. Mtahadharisheni kabla hajapanda ndege, maana akishafika uwezo wenu unapungua sana.

## Hatua ya 7: Siku msichana anapobisha hodi

Bandikeni utaratibu huu ndani ya mlango wa kabati, si sebuleni.

1. Wawe masista wawili. Mmoja anaongea, mwingine anasikiliza. Inamlinda msichana, inawalinda na ninyi.
2. Maji, chakula, choo, kisha maneno. Ameumia? Hospitali kwanza.
3. Mwulizeni umri na kama kuna anayemtafuta. Msimhoji kisa kizima. Atakisimulia polisi, atakisimulia ustawi wa jamii, pengine na mahakamani, na kila marudio yanamwumiza.
4. Aliye chini ya miaka 18: mpigieni afisa ustawi wa jamii saa ileile. Hapatikani? Pigeni 116, au mwendeeni Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Hapa hakuna "tusubiri tuone."
5. Mwenye miaka 18 na zaidi ndiye mwamuzi. Mwelezeni njia zilizopo: polisi, msaidizi wa kisheria, chama cha wafanyakazi CHODAWU kinachohudumia pia wa majumbani, kurudi nyumbani, au kudai mshahara tu na kuendelea na maisha. Akichagua msichokipenda, ni haki yake.
6. Andikeni kwenye daftari tarehe, saa, aliyempokea, aliyepigiwa simu na alichosema. Jina kamili lisiandikwe humo. Tumieni namba, na orodha ya majina ikae mahali pengine.

Maonyo manne, na yote yanatokana na huruma isiyo na mpango:

Msimlaze mtoto konventini bila afisa ustawi wa jamii kujua na kuandika. Makao ya watoto yanahitaji leseni, na mwajiri mwenye wakili anaweza kugeuza kesi ikawa ninyi ndio mliomficha mtoto.

Msimpigie mzazi kwanza. Inauma kusema, lakini wakati mwingine aliyepokea pesa ya dalali ni baba au mjomba. Ustawi wa jamii ndio wachunguze familia kabla hajarudishwa.

Msiende kwa mwajiri kudai nguo zake. Polisi wakachukue.

Msipige picha. Wala ya mgongo, wala ya mikono, wala ya "kuonyesha wafadhili." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata ninyi. Na kundi la WhatsApp la masista si mahali pa kutaja msichana, hata kwa kumwombea. "Tumwombee binti wa parokia fulani aliyefika jana" ni ramani tosha kwa anayemtafuta.

Dalili ya kufaulu: baada ya saa 24 mnajua amelala wapi, nani wa serikali anamjua, na hatua inayofuata ni ipi. Kulia naye si dalili, ingawa mtalia.

## Hatua ya 8: Kuzuia, na waajiri wa viti vya mbele

Semina za vijijini mnazijua. Nitasema mawili tu kuhusu hizo. Tumieni Jumuiya Ndogo Ndogo badala ya mikutano ya parokia, kwa sababu kwenye jumuiya mama anaweza kuuliza, "Na huyu wa kwangu aliyeko Dar?" Na mwachieni kila mzazi karatasi moja yenye nafasi za kujaza kabla ya kumtoa mtoto: jina kamili la mwajiri, mtaa, namba mbili za simu, mshahara, siku ya kupiga simu nyumbani, sahihi ya mtendaji wa kijiji. Dalali mwenye nia mbaya haijazi karatasi hiyo. Anakasirika na kuondoka, na hapo semina imefanya kazi.

Kijiji kiwe na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyo hai, ile ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kama imelala, mwombeni mtendaji aiamshe kwa kuwapa ninyi nafasi ya kuhudhuria. Msianzishe nyingine.

Upande wa mjini ndio unaosahaulika. Tunawaonya maskini wasitoe watoto, lakini hatuwaambii wenye nafasi wasiwapokee. Wengi wao tunakaa nao benchi moja Jumapili, wengine ni viongozi wa parokia, wengine wanachangia ujenzi wa konventi yetu. Ndiyo maana hatua ya 4 ilitangulia.

Nendeni kwa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) wa parokia ya mjini mkiwa wawili, wa mashirika tofauti. Msianze na lawama. Leteni mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja na muwaombe wanawake kumi waujaze wakiwa hapohapo. Watabishana kuhusu siku ya mapumziko, na watabishana zaidi kuhusu mshahara. Waacheni wabishane. Mama anayebishana amekubali kwamba kuna jambo la kujadili.

Onyo. Msitaje mfano wa nyumba yoyote mnayoijua, hata bila jina. Parokia ni ndogo.

## Hatua ya 9: Fedha

Akaunti ya kikundi isiwe akaunti ya shirika lolote. Iwe chini ya jimbo, yenye watia saini watatu wa mashirika matatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Mchango wa kila shirika uwe mdogo na wa kudumu. Shirika changa linalotoa kidogo kila mwezi lina sauti sawa na la kimataifa lililotoa mara moja.

Mfadhili akija mapema mno, mwombeni asubiri. Pesa nyingi mwaka wa kwanza huleta gari, gari huleta swali la litalala nyumba ya nani, na hapo kikao cha kikundi kinageuka kikao cha gari. Mwaka wa kwanza fanyeni kazi kwa bodaboda na basi. Mkishakuwa na daftari la mwaka mzima mtajua mnahitaji nini hasa, na mara nyingi ni nauli na mwanasheria.

Ripoti ya fedha isomwe mbele ya wakuu wote siku moja, wakiwa chumba kimoja.

## Hatua ya 10: Kujiandaa kwa uhamisho

Utakuja. Msiuchukulie kama ajali.

Kila Oktoba, kabla majina ya uhamisho hayajasomwa, kaeni nusu siku na mfanye haya: mhusika amtembeze mbadala kwa afisa ustawi wa jamii, kwa polisi wa dawati na kwa mama lishe wa stendi, daftari lisomwe pamoja tangu mwanzo, kila tukio lililo wazi liandikiwe hatua inayofuata na jina la atakayeifanya. Mabadiliko ya wale wa serikali pia yaandikwe, maana nao huhamishwa.

Kisha mwandikieni kila Mama Mkuu barua ya ukurasa mmoja: matukio mangapi, yameishia wapi, sista wake amefanya nini, na ombi moja. Anayesoma jina la sista wake kwenye barua kama hiyo hufikiri mara mbili kabla ya kumwondoa katikati ya mwaka.

Mratibu abadilike kila mwaka kwa zamu ya mashirika, hata kama wa sasa ni hodari. Hasa kama ni hodari. Kikundi kikianza kuitwa kwa jina lake, watu wa nje watamtafuta yeye, na simu ya kikundi itakaa kabatini ikiwa imezima.

Misa ya 8 Februari iwekeni baada ya haya yote, mwaka wa pili, na siku hiyo mtangaze namba ya simu mara tatu, polepole, kabla ya baraka ya mwisho, wakati watu bado wana kalamu za bahasha za sadaka mkononi.